Namna ya Kupanga Ratiba ya Mikutano ya Klabu ya Redio ya Ridhaa, Unguja na Pemba

Klabu ya redio ya ridhaa hudhoofika kwanza kwenye mikutano yake. Wanachama hufika, husomewa muhtasari wa kikao kilichopita, hubishana kuhusu michango iliyochelewa, humsikiliza mtu mmoja kwa saa nzima, kisha huondoka bila ya kugusa hata kitasa cha redio. Mwezi unaofuata nusu yao huwa na udhuru. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupanga ratiba ya mwaka itakayowafanya watu wasikubali kukosa kikao, na umeandikwa kwa kuzingatia hali ya visiwa vyetu: saa za sala, pepo za kaskazi na kusi, umeme unaovuka bahari, na wanachama waliogawanyika baina ya visiwa viwili.

Kwa msomaji mgeni wa jambo hili, redio ya ridhaa ni huduma ya mawasiliano inayotambuliwa kimataifa, ambayo ndani yake watu binafsi wenye leseni huwasiliana wao kwa wao kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kusaidiana, bila ya kulipwa. Hapa kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo wengi huiita TCRA, kwa kuwa posta na simu ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Ishara za wito, yaani majina ya vituo hewani, za Tanzania huanza na 5H, na 5H1 ndiyo iliyozoeleka kwa Zanzibar. Asiye na leseni anaweza kusikiliza na kujifunza pamoja na wenzake, lakini mtambo wa kurushia mawimbi hushikwa na mwenye leseni. Kila shughuli iliyotajwa humu isomwe kwa sharti hilo.

Anzeni na kalenda

Kamati nyingi hupanga ratiba kwa kuuliza, "Mwezi ujao tumwite nani azungumze?" Swali hilo huzaa hotuba, na hotuba zikifuatana huchosha. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: mwezi ujao kutakuwa na nini hewani, angani na baharini ambacho tunaweza kukisikia au kukishika kwa pamoja? Chukueni karatasi moja kubwa, gaweni miezi kumi na miwili, na kabla ya kuandika mada yoyote jazeni kwanza mambo yasiyosubiri mtu.

Anzeni na ya dini na ya nchi. Ramadhani huja mapema kwa takriban siku 11 kila mwaka wa jua, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana hainakiliwi. Katika mwezi huo kikao kiwe kimoja, kifupi, baada ya tarawehe, au kisiwepo kabisa. Wekeni sikukuu za Idi, Maulidi, na tarehe 12 Januari. Kwa Pemba ongezeni msimu wa karafuu, maana fundi aliyeko shamba akichuma au akianika hatakuja Chake Chake kusikiliza habari za antena, na hana kosa.

Kisha wekeni hali ya hewa. Kazi yoyote ya kupanda juu, kusimamisha mlingoti au kufunga waya nje ipangwe kabla ya masika, yaani kabla ya katikati ya mwezi Machi, au baada ya mvua hizo kwisha. Kusi ikivuma kwa nguvu kuanzia Juni, minazi huyumba na waya uliokazwa baina ya minazi miwili hukatika. Wakati wa vuli, radi zikianza kusikika, antena zote zichomolewe, na kikao cha siku hiyo kiwe cha ndani.

Mwisho wekeni matukio ya redio yenyewe, ambayo dunia nzima huyafuata. Tarehe 18 Aprili ni Siku ya Redio ya Ridhaa Duniani, kumbukumbu ya kuundwa kwa umoja wa kimataifa wa vyama vya redio ya ridhaa, IARU, mjini Paris mwaka 1925. Wikiendi kamili ya mwisho ya Julai kuna shindano la visiwa, linaloanza Jumamosi saa 9 alasiri kwa saa zetu na kumalizika Jumapili saa hiyo hiyo. Wikiendi kamili ya tatu ya Agosti vituo vya redio hufunguliwa kwenye minara ya taa za meli duniani kote, na sisi tunayo ya Chumbe, Nungwi na Kigomasha. Wikiendi ya tatu ya Oktoba maskauti wa dunia hukutana hewani, na mwisho wa mwezi huo huo huja shindano kubwa kuliko yote la kuwasiliana kwa sauti.

Mkimaliza kujaza hayo mtaona kwamba zaidi ya nusu ya mwaka imeshajipanga yenyewe.

Siku na saa

Hapa kwetu kuna nafasi mbili tu zinazofaa kweli. Ya kwanza ni Jumapili baada ya Alasiri, kuanzia saa 10:15 hadi kabla ya Magharibi. Wakati huo wanafunzi wa skuli wanaweza kuja, wazazi huwaruhusu mabinti kwa wepesi zaidi, na mwanga wa kufanyia kazi za nje bado upo. Ya pili ni baada ya Isha, kuanzia saa 2:15 usiku, ambayo huwafaa wafanyakazi na huifaa zaidi redio yenyewe, kwa sababu masafa ya megahezi 7 yamekwisha kufunguka kwa mbali. Jua linapozama ndipo masafa hayo huwa matamu kuliko wakati wowote, na ndipo adhana ya Magharibi inapolia. Msijaribu kushindana na adhana, kwani mawimbi yatakuwa bado yapo mtakaporudi kutoka msikitini.

Pendekezo langu ni kubadilisha kwa zamu: mwezi mmoja Jumapili jioni kwa kazi za mikono, mwezi unaofuata usiku kwa kusikiliza na kuwasiliana. Klabu ikishikilia nafasi moja mwaka mzima hupoteza kundi moja la wanachama.

Suala la saa lina utata wake wa pekee, kwa sababu daftari la mawasiliano huandikwa kwa saa ya kimataifa, saa ya ukutani husoma saa ya Afrika Mashariki iliyo mbele kwa saa tatu, na sisi wenyewe husema saa kwa Kiswahili. Wafundisheni wanachama wapya njia ya mkato kwenye kikao chao cha kwanza. Kwa saa za mchana, chukua saa ya Kiswahili na uongeze 3: saa 2 asubuhi ni saa 5 ya kimataifa, saa 10 jioni ni 13. Kwa saa za usiku, ongeza 15: saa 2 usiku ni 17. Ikizidi 24, toa 24: saa 10 usiku ni 25, yaani saa 1. Angalizo ni la tarehe, kwani siku ya kimataifa haibadiliki mpaka ifike saa 9 usiku wetu. Aliyewasiliana saa 8 usiku wa kuamkia Jumatatu ataandika kuwa ni Jumapili, saa 23.

Umbo la kikao kimoja

Kikao kizuri cha saa mbili kina mambo ya chama yasiyozidi dakika 20, jambo kuu lenye kitu cha kusikiwa au kushikwa kwa saa nzima, na muda uliobaki uachwe wazi. Muda huo wa wazi kamati nyingi huuona kama upungufu wa mpango, ilhali ndio wakati ambao mwanachama mpya humwendea mkongwe na kumuuliza lile aliloona haya kuliuliza mbele ya watu. Wekeni kahawa na kashata, washeni redio kwa sauti ya chini pembeni, na muwaache.

Mambo ya chama yaje mwisho, yasije mwanzo. Wanaochelewa wakikuta fedha zinajadiliwa hugeuka nyuma. Wakikuta sauti ya mtu wa Japani inatoka kwenye spika, hukaa.

Kwa kila jambo kuu andikeni majibu ya maswali manne kwenye daftari la ratiba: nani anaongoza, nani ni akiba yake akipatwa na udhuru, kifaa gani kinahitajika na kiko kwa nani, na mgeni asiyejua lolote atafanya nini kwa mikono yake. Swali la nne likikosa jibu, mada hiyo haijaiva. Irudisheni kwa anayeongoza.

Mifano ya vikao vinavyofaa hapa kwetu

Usiku wa minara ya mawimbi. Huu ndio ningeuweka kuwa kikao cha kwanza cha mwaka, kwa kuwa hauhitaji leseni, unahitaji redio moja ya kupokea, waya uliotundikwa, na saa iliyorekebishwa barabara. Duniani kuna mtandao wa vituo 18 vinavyorusha ishara kwa zamu kwenye megahezi 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200. Kila kituo hupewa sekunde 10 katika kila masafa, na duru nzima huchukua dakika 3. Kituo hutuma ishara yake ya wito kwa mosi, yaani alama za Morse za nukta na mistari, kisha mistari minne mirefu inayopungua nguvu: wati 100, wati 10, wati 1, na sehemu ya kumi ya wati.

Chapisheni jedwali la zamu, wagaweni wanachama katika makundi ya watu watatu, na kila kundi lipewe karatasi ya kuweka alama. Mmoja atazame saa, mmoja asikilize mistari mingapi imesikika, mmoja aandike. Baada ya duru mbili, geuzeni masafa. Hata asiyejua mosi ataweza, kwa sababu saa ndiyo inayomwambia ni zamu ya nani. Baadhi ya vituo huwa kimya kwa matengenezo, na hilo waambieni mapema ili wasidhani redio imeharibika.

Katika kikao hiki kuna jambo moja litakalozusha mjadala wenyewe bila ya kuchochewa. Kituo cha Kenya, 5Z4B, kilichopo jirani, kinaweza kisisikike kabisa kwenye masafa ya juu, huku kile cha Japani au cha Afrika ya Kusini kikisikika waziwazi. Wanachama wapya watasema antena ni mbovu. Muache mkongwe achore ubaoni: wimbi hupanda hadi tabaka la ioni lililo juu angani, huakisiwa, na hushuka mbali, likiruka ukanda mzima ulio karibu, la jirani limepita juu ya vichwa vyetu. Somo hilo likifuata baada ya masikio kushuhudia, halisahauliki, na pengine hiyo ndiyo sababu sipendi kabisa kikao kinachoanza na mchoro.

Jumapili ya kutengeneza antena. Kila kundi litengeneze dipoli moja, yaani antena ya waya yenye pande mbili zilizo sawa, na kuondoka nayo. Hesabu ni nyepesi: gawanya 143 kwa masafa ya megahezi, upate urefu wote kwa mita. Kwa megahezi 28.4 ni mita 5.04, na kwa megahezi 7.1 ni mita 20.1. Kwa darasa la kwanza chagueni ya megahezi 28, kwani inaenea uani na haili waya mwingi. Kateni kila upande uwe mrefu kwa sentimita 10 zaidi ya hesabu, maana kupunguza ni rahisi na kurefusha ni kazi.

Vifaa vyote, isipokuwa kebo ya koaksi inayounganisha antena na redio, na plagi zake, hupatikana madukani kwetu. Vipande vya bomba la plastiki la maji hutosha kuwa vihami vya katikati na vya ncha. Toboeni matundu mawili kwa msumari uliopashwa moto. Kwa kamba za kufungia nendeni kwenye duka la zana za uvuvi mkanunue mshipi mnene wa nailoni, ambao haunywi maji wala hauozi kwa chumvi. Maungio ya koaksi yalehemiwe, yafungwe kwa tepu, kisha yapakwe silikoni, kwa sababu hewa yetu ya pwani hupenya kila tundu: shaba ya kebo isiyozibwa hugeuka kijani ndani ya miezi michache, na hapo mwenye redio huanza kulaumu redio.

Antena ikishatundikwa, unganisheni kipimo cha mawimbi yanayorudi, na kila mtu asome mwenyewe. Sindano ikionyesha kwamba antena imekaa sawa kwenye masafa ya chini kuliko yanayotakiwa, waya bado ni mrefu. Punguzeni sentimita 2 kila upande, mpime tena. Wapeni watoto mkasi. Kama mnafunga kwenye minazi, acheni upande mmoja upite kwenye kapi na uning'inizwe jiwe, ili mnazi ukiyumba jiwe lipande na kushuka badala ya waya kukatika. Na walioko Mji Mkongwe wasifunge chochote juu ya mapaa kabla ya kupata ruhusa, kwa kuwa eneo hilo ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na mabadiliko ya majengo yake yana taratibu. Kwa mashamba, kumjulisha sheha ni adabu, na pia huzuia maswali baadaye pale watu watakapoona nguzo yenye nyaya.

Mkutano wa hewani baina ya visiwa. Baina ya Mjini na Chake Chake kuna takriban kilomita 120, umbali ambao redio za mkononi za megahezi 144 haziufikii, kwa kuwa ardhi hujipinda. Hapa ndipo megahezi 7 zinapoonyesha kazi yake: dipoli iliyotundikwa chini, mita 5 hadi 10 tu kutoka ardhini, hurusha mawimbi karibu wima, yakaakisiwa na kumwagika kama mvua juu ya visiwa vyote viwili. Watu wa Bara wenye milingoti mirefu huenda wakashangaa kuambiwa kwamba antena iliyotundikwa chini ndiyo bora, lakini kwa kazi hii ndivyo ilivyo. Wekeni mkutano huu mara moja kila mwezi, asubuhi au alasiri, ukiongozwa kwa zamu na Unguja na Pemba. Mwongozaji huita majina, hupokea salamu kwa ufupi, huuliza swali moja la kiufundi la siku, na kufunga ndani ya nusu saa. Kiswahili kitumike bila ya kuona haya. Herufi za ishara za wito tu ndizo zisomwe kwa utaratibu wa kimataifa wa Alfa, Bravo, Charlie.

Kikao cha aina hii kina faida ya kiutawala pia. Klabu iliyo na viongozi wote Mjini hugeuka kuwa klabu ya Mjini, na wa Wete hubaki na kadi za uanachama tu.

Usiku wa satelaiti. Kituo cha Anga cha Kimataifa hupita juu yetu kikiwa kimo cha takriban kilomita 400, na sauti zake za redio ya ridhaa hushuka kwenye megahezi 145.800. Redio ya mkononi yenye antena yake ya kawaida hutosha kusikia, kama kuna kitu kinachorushwa siku hiyo. Kwa kuwa mpito mmoja hauzidi dakika 10, msiufanye kuwa kikao kizima. Uwekeni katikati ya kikao, watu watoke nje pamoja, warudi. Wafundisheni kuanza kusikiliza juu kidogo ya masafa na kumalizia chini kidogo, kwa sababu chombo kinachokuja huinua masafa na kinachoondoka huyashusha.

Satelaiti ya QO-100, iliyorushwa Novemba 2018, ni jambo jingine: imesimama juu ya Afrika kwenye nyuzi 25.9 mashariki, haichwei, na kutoka kwetu huonekana karibu utosini, zaidi ya nyuzi 70 juu ya upeo, ikielekea magharibi na kaskazini kidogo. Dishi la televisheni, kichwa chake, na kipokezi kidogo cha kompyuta hutosha kusikia mazungumzo ya Ulaya na Afrika kwa wakati mmoja. Kurusha kunahitaji megahezi 2400 na fedha zaidi. Hilo liacheni kwa mwaka wa pili.

Zoezi la usiku wa giza. Kila mtu mzima Unguja anakumbuka miezi mitatu bila ya umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na Pemba hupata umeme wake kwa kebo nyingine kutoka Tanga, kwa hiyo kisiwa kimoja kinaweza kuwa na taa na kingine hakina. Mara moja kwa mwaka zimeni swichi kuu ya ukumbi bila ya kuwatangazia wanachama. Klabu iendelee kwa betri. Redio ya wati 100 hula ampea 20 hivi inaporusha, na ampea moja au mbili inaposikiliza. Waulizeni wanachama wahesabu betri ya ampea-saa 50 itawafikisha saa ngapi ikiwa watarusha sehemu moja ya kumi ya muda. Watagundua wenyewe kwamba kupunguza nguvu hadi wati 20 huongeza saa nyingi na hupunguza usikivu kidogo tu.

Katika zoezi hilo hilo pitisheni ujumbe wa maandishi. Andikeni orodha ya majina 10 ya kubuni, tena yanayofanana: Khamis Juma Khamis, Juma Khamis Juma, Asha Omar Ali, Aisha Omari Aley. Yatumwe kwa redio kutoka chumba kimoja hadi kingine, yaandikwe, kisha karatasi zilinganishwe. Makosa yatakuwa mengi kuliko mnavyodhani. Waliokuwa na jamaa ndani ya meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 hawahitaji kuelezwa jina moja lililoandikwa vibaya lina uzito gani. Zoezi hili mwaliko wake uende kwa Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, na ielezwe bayana kwamba klabu haichukui nafasi ya vyombo vya uokozi. Chaneli 16 ya baharini, megahezi 156.8, haiguswi na mazoezi ya mtu yeyote.

Jioni ya wazee. Hii ndiyo hotuba pekee ninayoitetea bila ya masharti, kwa kuwa historia ya mawasiliano ya Zanzibar ni ndefu kuliko wanavyojua vijana. Kebo ya simu ya maandishi kutoka Aden ilifika hapa mwaka 1879. Sauti ya Unguja ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walijenga Tunguu kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya anga, kikafungwa 1964. Mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mwezi Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyomsikiliza. Na hadi mwaka 1974 wapenzi wa redio duniani waliihesabu Zanzibar kuwa nchi yake peke yake katika orodha yao, kwanza kwa ishara ya VQ1, ndiyo maana kadi za zamani za kuthibitisha mawasiliano kutoka hapa zinatafutwa sana. Waalikeni mafundi wastaafu wa redio, waliofanya kazi bandarini, uwanja wa ndege au kwenye meli. Wasiombwe kuhutubia, waombwe kuleta kitu kimoja walichokihifadhi na kukieleza. Mwekeni kijana mmoja wa kurekodi, kwa idhini yao.

Kuwapanga wazungumzaji

Mkimualika mtaalamu, kwa mfano mwalimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), wa Taasisi ya Karume pale Mbweni, au afisa wa TCRA, mpeni barua wiki nne kabla yenye mambo matatu: muda wake ni dakika 25, wasikilizaji ni wa viwango mchanganyiko, na aje na kifaa au mfano. Afisa wa leseni ni mgeni muhimu kuliko wote kwa klabu changa. Kabla hajafika, kusanyeni maswali kwa maandishi na mumpelekee, ili aje na majibu yaliyo sahihi kiofisi badala ya kujibu kwa kukisia. Siku hiyo hiyo fomu ziwepo mezani.

Kugawa kazi

Mratibu wa ratiba asiwe mwenyekiti wala katibu. Kazi hii inahitaji mtu asiye na mzigo mwingine, mwenye subira ya kupiga simu. Wiki mbili kabla ya kikao amkumbushe anayeongoza; siku tatu kabla ahakikishe vifaa viko wapi; siku moja kabla atume ujumbe wa WhatsApp wenye mistari mitatu tu: tutafanya nini, saa ngapi, uje na nini. Ujumbe mrefu hausomwi. Kifaa kijaribiwe ukumbini saa moja kabla, kwa antena ile ile na umeme ule ule, kwani taa za kisasa na chaja za bei nafuu hutoa kelele zinazoweza kuzima mawimbi yote ya mbali, na kelele hizo haziko nyumbani kwa mwenye redio.

Kwa wageni, mteueni mwanachama mmoja wa kuwapokea mlangoni kila kikao, awape jina la mtu wa kukaa naye, na kabla ya kuondoka awe ameshawasikilizisha kituo kimoja cha mbali. Wanaokuja na watoto wapewe nafasi mbele.

Kupima kama ratiba inafanya kazi

Idadi ya waliohudhuria haitoshi. Hesabuni wangapi waligusa kifaa, wangapi walikuwa wapya, na wangapi kati ya wapya wa miezi mitatu iliyopita wamerudi. Mwisho wa kila kikao mratibu amuulize mtu mmoja asiye kiongozi: kipi kilikuchosha? Aandike jibu kama lilivyosemwa. Kila baada ya miezi minne kamati ikae na daftari hilo, ifute kikao kimoja kilichoonekana kuwa kizito na kukibadilisha. Daftari likabidhiwe kwa mratibu anayefuata pamoja na jedwali la vituo 18, orodha ya vifaa na wanaovishika, na namba za wale wazungumzaji waliokubali kurudi.